Fahamu: Msimu wa 1905 ulioibadilisha futiboli ya vyuo Marekani

Leo pasi ndefu ya mkono ndiyo raha ya futiboli ya Kimarekani. Mwaka 1905 kurusha mpira mbele kulikuwa kosa. Timu ilitakiwa kusonga yadi 5 katika majaribio matatu, basi wachezaji walijibana pamoja na kumsukuma mwenye mpira moja kwa moja kwenye ukuta wa wapinzani. Kofia za kinga hazikuwa lazima.

Magazeti yalihesabu vifo takriban 18 msimu huo, wengi wa waliofariki wakiwa vijana wasio wa vyuo vikuu. Inauma kwamba ilibidi wafe ndipo wakubwa washtuke. Oktoba, Rais Theodore Roosevelt, mpenzi wa mchezo huo, aliwaita Ikulu wawakilishi wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton. Novemba, mchezaji wa Chuo cha Union alifariki baada ya kuumia katika mechi dhidi ya Chuo Kikuu cha New York. Mkuu wa chuo hicho cha New York, Henry MacCracken, akaitisha mkutano wa vyuo vingine. Chuo Kikuu cha Columbia kiliufuta mchezo kabisa.

Mwaka 1906 pasi ya mbele ikaruhusiwa, yadi zikawa 10, na kikaundwa chombo cha kusimamia michezo ya vyuo, kinachoitwa sasa NCAA. Hata hivyo vifo viliongezeka tena 1909, na sheria zikarekebishwa upya.