Mbolea ya Babu Katika Maji ya Mjukuu

Nitrati ilipoanza kupimwa katika maji ya mto Thames pale Hampton, juu ya London, mwaka 1868, hakuna aliyekuwa akiwaza mbolea. Kilichotafutwa kilikuwa kinyesi. Miaka miwili kabla, kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu ya watu mashariki ya jiji hilo, na mkemia Edward Frankland alishikilia kwamba nitrati ni alama ya uchafu wa vyoo uliowahi kupita mtoni, hata kama maji yenyewe sasa yanang'aa. Kinyesi kikishaoza kabisa, naitrojeni yake huishia kuwa nitrati. Basi maji yakapimwa, na waliofuata wakarithi kazi hiyo hadi tukapata kumbukumbu ya zaidi ya miaka 140, mojawapo ya kumbukumbu ndefu kuliko zote za kemia ya mto duniani.

Ajabu ni kwamba daftari la kinyesi limegeuka kuwa historia ya jembe.

Kwa takriban miaka 70 ya mwanzo, namba zilichezacheza karibu na miligramu 2 hadi 3 za naitrojeni kwa lita. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Uingereza iliogopa njaa, na mwaka 1939 serikali ikaanza kumlipa mkulima pauni 2 kwa kila ekari ya malisho ya zamani aliyoilima. Nitrati mtoni ikapanda karibu mara mbili, wakati mbolea ya viwandani ikiwa bado haba.

Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani kila tone la nitrati limetoka kwenye mfuko wa yurea. Udongo uliokaa chini ya majani kwa miongo mingi huwa umeweka akiba kubwa ya naitrojeni ndani ya mizizi na mboji. Ukipitisha plau, hewa inaingia, bakteria wanachangamka, na akiba ile inageuzwa kuwa nitrati kwa miaka kadhaa mfululizo. Na nitrati haishikiki. Ina chaji hasi, na chembe za mfinyanzi nazo zina chaji hasi, kwa hiyo zinafukuzana. Mvua ikinyesha baada ya mavuno, shamba likiwa tupu, nitrati hushuka na maji. Fosfati, kwa kulinganisha, hung'ang'ania udongo na kwa kawaida husafiri na tope.

Baada ya vita mtu angetegemea mto utulie. Haukutulia. Mbolea ya viwandani ilimwagwa kwa wingi kuanzia miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Thames ikaruka tena hadi miligramu 7 au 8. Tangu hapo imebaki karibu na hapohapo.

Kwa nini iruke ghafla, miaka mingi baada ya plau kupita? Sehemu kubwa ya maji ya Thames hutoka kwenye miamba ya chaki na chokaa. Ndani ya chaki, maji ya mvua hushuka polepole mno, karibu mita moja kwa mwaka. Mahali ambapo maji ya chini yako mita 30 kwenda chini, nitrati iliyoondoka shambani leo itayafikia baada ya kizazi kizima. Waziri akipiga marufuku kitu leo asubuhi, mto hautajua mpaka wajukuu zake waoe.

Kwa hiyo mimi huwa simwamini mtu anayeniletea vipimo vya miaka mitatu na kuniambia mto "umepona". Mwaka wa ukame nitrati hukwama udongoni, na mvua za kwanza huisukuma yote kwa pamoja. Ndivyo ilivyotokea Uingereza baada ya kiangazi kikali cha 1976. Halafu kuna mtego wa vipimo vyenyewe. Maabara moja huandika naitrojeni iliyomo ndani ya nitrati, nyingine huandika nitrati nzima, na maji yaleyale yanapata 10 huku na 44 kule. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 za nitrati nzima kwa lita, kilichowekwa hasa kulinda watoto wachanga, ambao damu yao inaweza kushindwa kubeba oksijeni.

Mississippi inatufundisha hesabu nyingine. Kwa bahari, kinachohesabika ni tani zinazofika kwenye mlango wa mto. Mwaka wa mafuriko maji yanaweza kuonekana mepesi huku tani zikiongezeka. Naitrojeni hiyo hulisha mwani, na mwani ukioza humaliza oksijeni. Mwaka 2017 eneo lisilo na oksijeni ya kutosha kwenye Ghuba ya Mexico, mto huo unakoishia, lilifika kilomita za mraba 22,720, dogo kidogo tu kuliko Rwanda. Lengo la Marekani ni chini ya 5,000 ifikapo 2035, lakini udongo wa mashamba ya mahindi ya kati ya nchi hiyo bado una akiba ya miongo iliyopita.

Si kwamba haiwezekani. Wadenmark walianza mwaka 1987 kumbana mkulima kwenye kipimo cha mbolea na samadi, na kumtaka apande zao la kufunika ardhi baada ya mavuno. Naitrojeni inayoingia baharini kwao imepungua kwa karibu nusu. Iliwachukua miongo.

Huku kwetu mambo yako mwanzoni. Huko Abuja mwaka 2006 viongozi wa Afrika waliahidi kupandisha virutubisho vya mbolea kutoka wastani wa kilo 8 hadi 50 kwa hekta. Lengo lile halikufikiwa, na mimi siungi mkono wanaotaka mkulima wa Njombe au Trans Nzoia anyimwe mbolea ya kukuzia kwa sababu ya makosa ya Ulaya. Mahindi yake yana njaa. Lakini mbolea inakuja, misitu na nyika zinalimwa, na miji yenye vyoo vya shimo inazidi kusogea karibu na visima.

Ombi langu kwa bodi za mabonde ya maji, kuanzia Rufiji na Pangani hadi Tana, ni dogo: chupa moja kila mwezi, mahali palepale, kipimo kiandikwe pamoja na jina lake kamili, na daftari lisitupwe ofisi inapohama.