Madume wa simbilisi wakishapigana

Mfugaji akiamka na kukuta madume wake wawili wa simbilisi wamechanana masikio na midomo, swali lake la kwanza huwa ni lini atawarudisha pamoja. Jibu langu huwaudhi wengi: pengine wasirudi kabisa. Kabla ya kuhesabu siku za kuwatenga, mfugaji wa Kibondo au Kasulu, mkoani Kigoma, na alikague banda lake, maana chanzo cha ugomvi mara nyingi kimo humo.

Ufugaji wa simbilisi uliozoeleka ukanda huu wa Maziwa Makuu ni wa jikoni. Kivu Kusini nchini Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ndivyo wanavyofugwa katika kaya nyingi: wanazurura sakafuni, madume na majike pamoja, wakiokota majani na maganda ya ndizi. Vita vilipofagia ng'ombe na mbuzi kule, watu wengi waliwategemea hawa, kwa kuwa ni wadogo, wanafichika na huzaana upesi. Ni ufugaji wa gharama ndogo, ila una tatizo moja. Jike hubeba mimba kwa siku 68 hivi, na saa chache tu baada ya kuzaa yuko tayari kupandwa tena. Saa hizo kila dume aliyekomaa jikoni anamtaka yeye. Aliyeshindwa hana pa kukimbilia, kwani kila kona ina ukuta, na mshindi anaendelea kumng'ata.

Wengi hapo husema mafahali wawili hawakai zizi moja, wakafunga mjadala. Kwa simbilisi, methali hiyo ni kweli nusu. Mtaalamu wa tabia za wanyama Norbert Sachser, wa Chuo Kikuu cha Münster nchini Ujerumani, pamoja na wenzake, walilinganisha madume waliokulia katika makundi makubwa yenye wakubwa na wadogo na wale waliokulia peke yao au na jike mmoja tu. Waliokulia kundini walipokutanishwa na dume wasiyemjua walipimana na kupeana nafasi bila vita vikali. Wale wengine walirukiana. Walioshindwa walipungua uzito, na damu yao ikajaa kortisoli, homoni ya mfadhaiko. Tofauti ilitokana na malezi: dume kijana anayeishi na wakubwa huwekwa mahali pake wakati anapobalehe, akajifunza kunyenyekea bila kuumizwa. Dume uliyemnunua sokoni akiwa mzima, aliyelelewa kwenye boksi peke yake, hajui adabu hiyo, na ni vigumu kuipata ukubwani.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua kama walipigana kweli. Dume akinguruma huku akitikisa makalio, akimnusa mwenzake au kumpanda mgongoni, anatafuta ukubwa tu. Usiingilie. Ukiwatenganisha kila wanaponguruma, hawatamaliza kamwe kupangana. Manyoya ya shingo yakisimama, meno yakigongana kwa mfululizo na mdomo ukifunguka kama mwayo, hayo ni maonyo. Wakikamatana wakabiringika kama mpira, hiyo ni vita. Hapo ingiza ungo katikati yao, wala usithubutu kupeleka mkono mtupu. Meno yale hupenya ndani sana.

Majeraha yapunguziwe manyoya kando kando na kuoshwa kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo, tena yakaguliwe kila siku, maana kidonda kidogo cha jino hufunga juu na kutunga jipu chini. Na tafadhali, usimpe penisilini wala ampisilini iliyobaki nyumbani. Dawa hizo huua bakteria wazuri wa tumboni mwa simbilisi, naye anaweza kufa siku chache baadaye kwa kuhara, mwenyewe ukidhani kidonda ndicho kilichomuua. Muulize afisa mifugo wa kata. Mpe pia mapera au mchicha mbichi: mwili wa simbilisi, kama wa binadamu, hautengenezi vitamini C, na pasipo vitamini hiyo kidonda hakiponi vizuri.

Wakati wanapona, wakae jirani, wakitenganishwa na wavu ili waonane na kunusana bila kufikiana. Madume waliotoana damu mara moja ninawapa nafasi moja ya kupatana, si zaidi, tena baada ya vidonda kufunga kabisa.

Nafasi hiyo itolewe mahali pageni kwa wote wawili, kwenye sakafu iliyofagiliwa ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuiita yake. Mwaga majani kwa mafungu kadhaa yaliyoachana. Usiweke boksi lenye mlango mmoja, kwani aliye ndani atabanwa humo. Majike wawe mbali, hata harufu yao isifike, na kama umetoka kuwashika majike, nawa mikono kwanza. Kaa uwaangalie kwa saa nzima au zaidi. Wakifikia kula fungu moja au kujilaza karibu karibu, wahamishie katika banda lililooshwa na kutandikwa nyasi mpya, lenye angalau mita moja ya mraba, vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji. Kuwarudisha katika banda la zamani lenye harufu ya mmoja wao ni kuwarudisha vitani. Damu ikitoka tena, basi. Kila mmoja na chumba chake.

Kuhasi hakumalizi ugomvi kati ya madume waliokwisha kuzoea kupigana. Faida yake ni nyingine: dume aliyehasiwa anaweza kuishi na majike bila kuzalisha, mradi asubiri wiki sita hivi, kwani mbegu zilizobaki bado zinaweza kutunga mimba.

Kwa anayefuga kwa ajili ya kitoweo, ninasema wazi kwamba kazi yote hii haina maana. Dume mmoja anatosha majike watano hadi kumi. Wa pili ni nyama, au ni wa kubadilishana na jirani wa kijiji kingine, jambo ambalo pia linazuia ndugu kupandana, tatizo kubwa la simbilisi wa jikoni. Upatanisho uachiwe mwenye madume wawili tu anaowapenda, au anayetunza dume wa akiba.

Ukitaka kupunguza vita vijavyo, anza na watoto. Wakifika wiki tatu, watoe madume kwa mama yao na dada zao kabla hawajaanza kuzalisha, uwaweke na dume mzee mtulivu, mbali na majike.