Kitabu kizuri hakijiuzi: Somo la Jumatatu kutoka Kamwokya

KAMPALA. Wafanyabiashara husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa nyanya za soko la Kamwokya methali hiyo ni kweli: mteja huziona, huzibonyeza, akalipa. Kwa vitabu mambo ni tofauti. Kitabu kizuri kinaweza kukaa rafuni miaka kumi bila kuguswa, kwa sababu tu hakuna aliyekisoma akamwambia mwenzake.

Katika mtaa huohuo wa Kamwokya, ambao vijana wengi wa kanda hii wanaujua kwa ajili ya mwanamuziki Bobi Wine aliyekulia hapo, ipo nyumba kando ya Barabara ya Kira ambako kazi hiyo ya kuambiana hufanyika. Ni makao ya FEMRITE, Chama cha Wanawake Waandishi wa Uganda.

Chama hicho kilianza katikati ya miaka ya 1990 kwa juhudi za Mary Karooro Okurut, aliyewahi kufundisha fasihi Chuo Kikuu cha Makerere na baadaye akawa mbunge na waziri. Wanawake walikuwa wakiandika, lakini miswada yao haikuwa ikifika kwa wachapishaji. Wakaamua kuchapisha wenyewe. Mwaka 1998 vilitoka vitabu vya mwanzo, miongoni mwake ‘The Invisible Weevil’ cha Okurut na ‘Memoirs of a Mother’ cha Ayeta Anne Wangusa. Mwaka 1999 kikafuata ‘Secrets No More’ cha Goretti Kyomuhendo, riwaya ya msichana wa Rwanda aliyenusurika mauaji ya kimbari na kuanza maisha upya Uganda.

Lililoipa nyumba hiyo sifa zaidi ni kikao cha Jumatatu jioni. Uanachama ni wa wanawake, lakini kikao kiko wazi kwa wanaume pia, kwa aliyechapisha vitabu vitano na kwa aliye na daftari moja tu. Mtu husoma alichoandika, waliopo husikiliza, kisha humwambia panapovutia na panapochosha. Humo humo hutajwa vitabu vingine, vipya na vya zamani, na anayetoka hutoka na jina la kitabu cha kutafuta.

Mfanyabiashara anaielewa desturi hiyo bila kufafanuliwa. Hakuna anayepakia maharagwe ya Masaka kwenye lori bila kufungua gunia moja na kuona kilichomo. Jumatatu ya Kamwokya ndiyo gunia lililofunguliwa.

Matunda yake yameonekana. Mwaka 2007 Monica Arac de Nyeko, mwanachama wa FEMRITE, alishinda Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Afrika, akiwa Mganda wa kwanza kuipata. Mwaka 2011 mwanachama mwingine, Beatrice Lamwaka, aliingia kwenye orodha ya mwisho ya wawania tuzo hiyo.

Swali ni kwa nini vitabu hivi si rahisi kuviona Mwanza, Kisumu au Goma. Mwenye mazoea ya mpakani atalaumu forodha kwanza. Lakini katika Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, vitabu vilivyochapishwa viko kwenye kiwango cha asilimia 0. Kodi nyingine zipo, na zinauma: Kenya ilianza kutoza vitabu VAT ya asilimia 16 mwaka 2013. Hata hivyo kodi peke yake haielezi kila kitu. Nguo na simu hutozwa kodi na bado hufika kila duka, kwa sababu wateja wanajua wanachotaka na wanakiulizia. Kitabu ambacho jina lake halijulikani hakiulizwi, na muuza duka haagizi kisichoulizwa.

Kilipopata wa kukisemea, kitabu kilivuka. ‘Song of Lawino’ cha Okot p'Bitek, mtu wa Gulu, kilitolewa Nairobi mwaka 1966 na East African Publishing House. Karibu nusu karne baadaye, ‘Kintu’, riwaya ya Jennifer Nansubuga Makumbi juu ya ukoo mmoja wa Buganda, ilishinda shindano la miswada la Kwani? na kuchapishwa Nairobi mwaka 2014. Vitabu viwili vikubwa vya Uganda vilianzia safari yao Kenya.

Kwa anayeishi kwa kuvuka mipaka, viko viwili vya kuanzia. Cha kwanza ni ‘Waiting’ cha Kyomuhendo, kilichotoka mwaka 2007. Kinasimulia familia ya kijijini Hoima mwaka 1979, ikijificha usiku huku askari wa Idi Amin wakikimbia na majeshi kutoka Tanzania yakikaribia. Mtanzania akikisoma pamoja na Mganda, kila mmoja atakuwa na la kusimulia kuhusu vita vile, na pengine wataelewana kwa nini Waganda wengi kwa muda mrefu walikiona Kiswahili kuwa lugha ya askari.

Cha pili ni ‘Peponi’, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kwa Kiingereza kilitoka mwaka 1994. Kwa Kiswahili kikasubiri hadi 2022, kilipotolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Ni hadithi ya kijana Yusuf, aliyewekwa rehani na baba yake kwa tajiri kwa sababu ya deni, akafuata msafara wa biashara kutoka pwani hadi bara. Aliyewahi kuchukua mali kauli na kushindwa kuilipa atamwelewa baba huyo, hata akimlaumu.

Kuanzisha Jumatatu ya namna hiyo Mutukula, Busia au Malaba hakuhitaji jengo. Vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa tayari vinakutana kila wiki, na daftari la michango liko mezani. Kumi wakichanga, kitabu kimoja kinapatikana na kupokezana. Anayekwenda Kampala afike Kamwokya na kuuliza. Anayekwenda Dar es Salaam apite duka la TPH, Mtaa wa Samora. Kwa asiyesoma Kiingereza, mwenzake amsomee akimtafsiria, kama mikataba na fomu za mpakani zinavyotafsiriwa kila siku.

Mazungumzo yenyewe yaanze na swali la sokoni: mtu huyu alidanganywa wapi, na wewe ungefanyaje?