Ngoro Juu ya Meza

Watengenezaji wa vishamba vya mfano huko Ulaya huanza na uwanja bapa, kisha wakapanga ghala, trekta na ng'ombe wa plastiki. Anayetaka kutengeneza shamba la Mbinga, kusini mwa Tanzania, inampasa aanze na mteremko. Shamba la Mmatengo, mkulima wa huko, limelala ubavuni mwa kilima, na karibu kila kilichomo, kuanzia umbo la tuta hadi mahali pa nyumba, kimewekwa kwa kufikiria mvua: maji yapite wapi, na udongo ubaki vipi.

Kilimo chenyewe ni ngoro. Katikati ya karne ya 19 mashambulizi ya Wangoni yaliwasukuma Wamatengo kwenye milima mikali. Watu wakawa wengi na ardhi kidogo, wakalazimika kulima palepale mwaka hadi mwaka, mahali ambapo mvua moja kubwa ingeweza kuondoka na shamba zima. Ngoro ziliwawezesha, na hadi leo zinalimwa. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walifanya kazi katika vijiji vya Mbinga wakichunguza kilimo hiki, na mengi tunayoyajua leo juu ya vipimo vyake yametokana na kazi hiyo.

Kwa mbali ngoro huonekana kama mashimo yaliyojipanga mlimani. Ndiyo maana mjenzi asiyeijua hulainisha mteremko wake wa udongo kisha akabonyeza vishimo kwa kidole. Kwenye picha vitapendeza, lakini hapo hakuna ngoro. Shamba la kweli hujengwa hivi: mvua zinapokaribia kwisha, kwenye mwezi Machi, wanaume hufyeka nyasi kwa nyengo. Nyasi zikishanyauka hupangwa kwa mistari inayokatana, zikaigawa ardhi miraba ya kama mita 2 kwa 2. Hapo wanawake hushika majembe, wakachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi pande zote nne. Tuta linazaliwa kwanza. Shimo ni pale udongo ulipotoka. Maharage hupandwa juu ya matuta. Nyasi huoza chini yake na kuwa mbolea, shimo hushika maji na tope, na magugu yanayong'olewa hutupwa humo.

Nakusihi msomaji, ufuate utaratibu huohuo mezani. Skeli ya 1:32 inayopendwa na watengenezaji wa mashamba ya mfano itakulazimu kutafuta ubao mkubwa mno, kwa hiyo chukua 1:50. Mraba wa mita 2 unakuwa sentimita 4, shimo lenye kina cha sentimita 30 linakuwa la milimita 6, na mtu wa mita 1.6 anakuwa na urefu wa milimita 32. Ubao wa plywood wenye sentimita 60 kwa 90 utakupa kipande cha mita 30 kwa 45, eneo la kutosha nyumba moja na ngoro zake.

Mteremko usiuonee haya. Huko ngoro hulimwa kwenye miinuko ya asilimia 35 hadi 60. Asilimia 50 maana yake ni kwamba ukienda sentimita 60 unapanda 30, na ukiona kilima chako kinakutisha kidogo, kipimo kimekaa sawa. Kata mbavu za maboksi kwa umbo hilo, zisimamishe kwenye ubao, jaza magazeti yaliyofinyangwa katikati yake, kisha bandika juu tabaka kadhaa za karatasi zilizolowekwa kwenye uji wa ngano. Zikauke kabisa, la sivyo zitaota ukungu.

Udongo uwe wa kweli, mwekundu, uliochujwa kwa chujio la chai na kukandwa na gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji. Kwa nyasi tumia nyuzi za katani za milimita 10 hivi, zilizochovywa kwenye chai ya rangi iliyokolea. Tandaza udongo, panga nyuzi kwa mistari, kisha kwangua katikati ya kila mraba kwa ncha ya kijiko na kufukia. Kwa maoni yangu shamba zuri kuliko yote ni lile linaloonyesha hatua zote kwa pamoja: juu nyasi zilizolala baada ya kufyekwa, katikati miraba iliyopangwa, chini matuta mapya. Mtazamaji ataielewa kazi bila kuelezwa.

Usimwagie maji mfano uliogandishwa kwa gundi. Kwa jaribio la mvua tengeneza trei mbili za mbao za sentimita 40, zenye udongo usio na gundi; moja iwe na ngoro, nyingine tupu. Inua upande mmoja wa kila trei kwa sentimita 18, nyunyiza maji sawasawa kwa kopo lenye matundu, na kinga yanayotoka chini kwenye chupa za kioo. Linganisha rangi ya maji na tope linalotuama. Lakini usizidishe matokeo kwa 50 ukadhani umepima shamba: tone la maji na punje ya udongo havikupunguzwa pamoja na kilima. Jaribio linaonyesha njia ya maji. Halipimi kiasi chake.

Trei hizohizo zitakuonyesha mzunguko wa miaka 2. Maharage yakishavunwa, mahindi hupandwa juu ya matuta yaleyale mvua za Novemba na Desemba zinapoanza. Baada ya mavuno yake ardhi hupumzika hadi Machi, ngoro zikachongwa upya, na safari hii mashimo yakaangukia pale matuta ya zamani yalipokutana. Jaribu kwa kijiko uone udongo wa shamba zima unavyogeuzwa bila kushushwa bondeni.

Nyumba ni kazi ndogo: tofali za kuchoma, bati, jiko la pembeni, banda la nguruwe, migomba. Kahawa ikae karibu na nyumba, vichaka vya sponji ya kijani vikiachana kwa sentimita 4 hadi 6.

Wengi watatamani kuweka Ziwa Nyasa chini ya kilima. Ziwa liko kama mita 475 kutoka usawa wa bahari. Shamba lililo kwenye mita 1,500, kwa skeli yetu, lingehitaji kilima cha zaidi ya mita 20. Lichore nyuma, mbali, kwa buluu iliyofifia. Ukipenda mwambao wa Mbamba Bay au Liuli, tafuta ubao mwingine na uweke mihogo, vichanja vya kuanikia dagaa na mitumbwi ya gogo moja. Mchanga wa ufukwe uchuje kwa kitambaa chepesi, kwa sababu punje ya milimita 1 kwenye skeli hii ni jiwe la sentimita 5.