Moto Usiowahi Kuunguza

Msomaji wetu mmoja wa Tanga, aliyemaliza kusoma hadithi ya mpelelezi wa kikosi cha mabomu anayemwinda mtega bomu mji hata mji, ameniuliza swali ambalo watungaji wa riwaya aghalabu hulipita kimya: ikiwa bomu limebomoa ukuta wa zege na kupinda nondo, imekuwaje waya mwembamba, ganda la betri na hata uzi wa nguo visalie, viokotwe kwa kibano na kutiwa bahashani?

Sitaeleza baruti ni nini, wala bomu huundwaje; la kwanza lachosha, na la pili halimhusu mtu mwema. Linaloniteka mimi ni mwendo. Baruti kali haiungui kama kuni, toka pembe hii polepole hadi pembe ile. Ndani ya TNT hupita wimbi la mgandamizo kwa kasi ya karibu mita 6,900 kwa sekunde, na kila chembe lipitiayo hugeuka gesi pale pale, hata donge la sentimita 10 likamalizika kwa muda wa sehemu 15 tu za milioni ya sekunde. Tukio la namna hii napenda kuliita mfyatuo, lisije likawekwa daraja moja na mlipuko wa jiko la mafuta ya taa, ambao kwa hakika ni moto wa kawaida uliokosa adabu. Mabwana wa kamusi waniwie radhi.

Basi mfyatuo huzaa gesi yenye joto la nyuzi elfu kadhaa na kanieneo lililo takriban mara laki mbili ya lile la hewa tuivutayo, lakini msukumo na joto havifanyi kazi kwa mwendo mmoja: msukumo hupiga papo hapo, ilhali joto lataka muhula wa kupenya. Mtazame mama auzaye chapati barazani, chuma chake kimepata moto hata tone la maji likikiangukia huchachatika na kutoweka, naye huigeuza chapati kwa ncha za vidole vitupu, akaizungusha, akaibana kingo ili ivimbe, huku akimrudishia mteja chenji kwa mkono wa pili na kumuuliza hali ya watoto. Lakini mwanagenzi wake, akijaribu kumwiga kisha akasita kwa hofu, ndiye aunguaye, kwani kule kusita kumelipa joto fursa ambayo wepesi wa mwalimu ulilinyima. Chuma ni kile kile, na ngozi ni ngozi. Kilichotofautiana ni muda wa kugusana. Kadhalika pande la chuma lililokuwa ubavuni mwa bomu: katika elfu moja ya sekunde joto hupenya ndani yake kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita, na kabla halijazidi hapo, pande limekwisha kurushwa mbali na gesi yenyewe imekwisha kutanuka na kupoa. Usoni tu ndipo athari hubaki; ukilitia chini ya hadubini utaona vishimo vidogo vidogo vilivyochimbwa na gesi, kingo zilizokondeshwa na kukunjwa, na mara nyingine vumbi la baruti yenyewe, lililorushwa kabla halijafikiwa na zamu yake.

Hata hivyo, riwaya hupenda zaidi mpelelezi asomaye nafsi ya mhalifu kuliko asomaye chuma. Huko New York, George Metesky alitega mabomu 33 baina ya 1940 na 1956, na daktari wa akili James Brussel akapata sifa kubwa kwa kubashiri hata namna ya koti lake. Lakini aliyemfichua ni karani wa kampuni ya umeme, aliyekuwa akipekua majalada ya malalamiko ya zamani.

Mimi nashika chuma. Tarehe 19 Aprili 1995 lori lililipuka mbele ya jengo la Murrah mjini Oklahoma City, likaua watu 168, na ekseli yake, yenye uzito upitao kilo 100, ikaruka na kuangukia gari dogo jekundu aina ya Ford Festiva, namba iliyopigwa kwenye ekseli hiyo ikisomeka. Ni kweli maabara hukosea, kama watu sita wa Birmingham walivyofungwa kwa mabomu ya 1974, kwa sehemu kutokana na kipimo cha mikono ambacho hata karata za kuchezea zaweza kukipotosha, wasiachiliwe hadi 1991. Lakini hiyo ni kemia ya ngozi, na namba iliyopigwa chumani ni jambo jingine. Namba ile iliwafikisha wapelelezi kwenye kampuni ya Ryder, kisha kwenye duka la kukodisha malori huko Junction City, Kansas, ambako sura ya mteja ilichorwa kwa maelezo ya wenye duka. Mchoro ukatembezwa, na katika nyumba ya wageni jirani ukatambuliwa, na daftari la wageni likaonyesha jina lake halisi, Timothy McVeigh. Walipomtafuta walimkuta yumo mahabusu tayari katika mji wa Perry, kwa kuwa muda wa saa moja na nusu hivi baada ya mlipuko askari wa barabarani alikuwa amemsimamisha kwa kuendesha gari lisilo na kibao cha namba.