Buda Ridley Ako Mbio Sana

Hakuna direkta amenipea raha kwa skrini kama Ridley Scott, na hakuna amenichoma roho kama yeye hii miaka ya juzi. Naongea hivi juu mimi ni shabiki wake sugu. Buda alizaliwa 1937 huko South Shields, Uingereza, na muvi yake ya kwanza ya kuingia sinema, The Duellists, ilitoka 1977, akikaribia miaka 40. Miaka mbili baadaye akaangusha Alien. 1982 ikawa Blade Runner. 2000 ikafika Gladiator, ikabeba Oscar tano, ya muvi bora ikiwa ndani. Yeye mwenyewe hajawai pewa ile ya direkta, na hapo walimkosea kinoma.

Cheki, Gladiator haikubamba wasee juu ya panga peke yake. Kabla shujaa wake, Maximus, akanyage Colosseum, tushajua shamba yake, bibi yake, kijana yake, na venye hiyo yote ilichomwa. Kila saa anainama kusugua udongo kwa mikono, unajua roho yake iko home. Alafu kuna Juba, huyo ni Djimon Hounsou, msee wa Benin. Yeye ndiye anabaki mwisho kuzika visanamu vya familia ya beshte yake kwa huo mchanga. Hapo hata morio ngumu hufuta macho.

Sasa kuja Gladiator II, 2024. Papa wanaogelea ndani ya Colosseum, kuna manyani wakali, kuna kifaru, meli zinagongana. Macho inashiba vibaya. Lakini bibi ya Lucius, shujaa wa hii muvi, anadedi mapema hata hatujamzoea, so hasira ya huyo chali inakuja ikiwa haina mizizi. Kenye kiliniuma zaidi ni Macrinus. Denzel Washington anamcheza hadi unasahau muvi ni ya nani. Macrinus alikuwa msee wa ukweli, mzaliwa wa mji wenye sai uko Algeria, akakuwa Kaisari wa Roma 217, akaangushwa 218. Mtu wa Afrika Kaskazini, hana damu ya kifalme, anapanda mpaka kiti ya juu kabisa! Hiyo peke yake ni muvi mzima. Buda akaifanya kona ya stori ya mtu mwingine.

Napoleon ya 2023 ilinifanyia hivyo hivyo. Ile sini ya Austerlitz, barafu inapasuka na wanajeshi wanazama na farasi zao, hakuna direkta wa leo anaweza ipiga hivyo. Lakini muvi inaruka kutoka 1793 mpaka 1821 kwa masaa mbili na nusu hivi, na nilitoka hapo sijajua mbona maelfu ya wasee walikubali kumfia huyo jamaa. Wanahistoria walipolalamika, buda akawafukuza kwa mdomo. Mimi sina shida na ile sini ya mzinga kupiga piramidi. Shida yangu ni mtu wa katikati amebaki stranja.

Na hii si mambo ya uzee, tafadhali. Buda bado ako na nguvu ya kushinda vijana. 2017 alimtoa Kevin Spacey kwa All the Money in the World wakati muvi ilikuwa ishaisha, akaingiza Christopher Plummer, akapiga upya hizo sini kwa siku kama tisa, na Plummer akateuliwa Oscar. Spidi ni kipaji yake. Lakini ndio inamkula. Anawasha kamera mob kwa mpigo, sini inaisha chapchap, anahepa kwa ingine. John Mathieson, msee mwenye alimpigia picha Gladiator zote mbili, alilalamika wazi kwamba hizo kamera mingi zinaharibu mwanga. Namwamini, juu alikuwa hapo.

Pia sitaficha: hata enzi zake tamu kulikuwa na doa. Black Hawk Down ya 2001 imetengenezwa kwa ufundi wa kutisha, lakini ni stori ya vita ya Mogadishu yenye ilipigwa Morocco, na Wasomali wamebaki tu kundi la kukimbia na bunduki. Wamarekani 18 wenye walikufa tunawalilia. Wasomali walikufa wengi kuwaliko, na hakuna mama wa hata mmoja anapewa nafasi ya kuomboleza. Sisi wenye tumekulia karibu na Wasomali wa Islii tunajua hao watu wana majina.

Ndio maana The Last Duel ya 2021 inanipea stimu hadi leo. Ufaransa, 1386. Marguerite anasema amebakwa, na stori inarudiwa mara tatu: ya bwanake, ya mshtakiwa, alafu yake. Skripti iliandikwa na Nicole Holofcener, Matt Damon na Ben Affleck, na unaskia kabisa kwamba walikaa chini wakafikiria huyo dem anaona nini. Hapo spidi ya buda ilipata kitu ya kubeba. Kwa sinema ikalengwa vibaya: iligharimu kama dola milioni 100, ikaokota kama 30. Akalaumu sisi vijana na simu zetu. Nilikataa hiyo lawama. Ilikuwa time ya korona, na mbogi yangu yote haikuwa hata imeskia iko.

So ukiwa na wikendi, sare papa wa Colosseum kwanza. Tafuta The Last Duel. Alafu Kingdom of Heaven ya 2005, lakini ile ndefu ya dakika 194, si ile ya 144 ya sinema. Kwa hiyo ndefu, Sibylla ako na kijana mdogo anarithi kiti ya ufalme na ukoma pia, na ndio unaelewa mbona huyo mama anavunjika.