Mlango wa Naivasha

Msafiri atokaye pwani kwenda Nakuru, akisha kuteremka Bonde la Ufa na kuupita mlima Longonot, huuona mji wa Naivasha na ziwa lake. Wageni huja kutazama viboko na ndege. Lakini mji huo una jengo jingine lisilotembelewa kwa furaha: gereza la ulinzi mkali, ambamo wenye vifungo virefu huhesabu miaka yao.

Humo ndimo alimofungwa John Kiriamiti, aliyehukumiwa mwaka 1971 kifungo cha miaka 20 kwa unyang'anyi. Na humo ndimo alimoandika, kwa Kiingereza, habari za maisha yake ya ujambazi, My Life in Crime. Kitabu kilichapishwa mwaka 1984, na mwaka huo huo mwenyewe akafunguliwa. Vijana wa Kenya walikigombania.

Sisi wa pwani tulizoea hadithi za namna nyingine. Mohamed Said Abdulla wa Unguja alitupa Bwana Msa, tuliyemjua mara ya kwanza katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960. Bwana Msa si askari wala halipwi na serikali. Huvuta kiko chake, akamsikiliza kila mtu, akaliokota neno dogo walilolipuuza wengine, huku sahibu yake Najum akistaajabu. Kwake mkosa hujulikana mwisho wa kitabu. Kwa Kiriamiti mkosa ndiye msimulizi tangu mwanzo.

Na siku mlango wa gereza unapofunguliwa? Kiriamiti alilijaribu swali hilo katika Son of Fate, cha mwaka 1994, kinachomhusu mtu aliyetoka kifungoni akihangaikia riziki Nairobi. Hapo ndipo penye fumbo zito kuliko la muuaji.

Mtu ashuke leo katika stendi ya Nakuru na kifurushi chake, usiku huo ipotee redio ya jirani. Nani ataulizwa kwanza? Aombe kazi, atatakiwa cheti cha tabia njema, na alama za vidole vyake zitamsemea ya zamani. Mtaa mzima huwa wapelelezi, wala hapana Bwana Msa hata mmoja kati yao, maana Bwana Msa hahukumu kabla ya kuuliza.

Sisi tuliosoma chuoni tunalijua jambo hili tangu utotoni. Kanzu ya Nabii Yusuf, alayhi salaam, ilitazamwa imechanika wapi. Ikaonekana ni kwa nyuma, ukweli ukadhihiri. Juu ya hivyo alifungwa. Na mfalme alipomwita atoke, hakuukimbilia mlango: alitaka kwanza habari ya wale wanawake ichunguzwe. Alijua kuwa kutoka bila jina kutakata ni nusu ya kutoka. Kisha akakabidhiwa hazina za nchi.

Utasema, msomaji, Yusuf hakuwa na kosa, na Kiriamiti amekiri kwa kalamu yake. Ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini aliyemaliza kifungo amekwisha lipa deni alilohukumiwa, na mwenye kudai deni mara mbili naye ni dhalimu.

Nilipokifunga kitabu kile nilijiuliza: mtu huyu angebisha hodi kwangu usiku ule, ningefungua? Nilikawia kujijibu, nami sijivunii kukawia kule.